Unywele Mmoja

Jina lenyewe lilinichekesha: bijinga. Nikadhani ni picha za wajinga. Kumbe kwa Kijapani bijin ni mrembo, ga ni picha. Nilizikuta kwenye kitabu kimoja maktaba, siku niliyotoroka nyumbani ili nisiulizwe tena habari za kazi. Wiki ileile riwaya yangu ilikuwa imerudishwa. Kurasa 200 za mkono, jasho la miaka miwili tangu nimalize kidato cha nne, na mhariri kaandika mstari mmoja tu: "Huyu Rehema wako ni mzuri kila mahali, ila simwoni."

Iliniuma, jamani.

Basi kitabuni alikuwamo mwanamke wa Kitagawa Utamaro, msanii wa Edo, mji ambao leo ndio Tokyo. Utamaro alifariki mwaka 1806. Uso wa yule mama una mistari michache mno: macho membamba, pua, kinywa kidogo. Lakini pale nywele zinapoanzia, juu ya paji, unaona unywele mmoja mmoja. Nikasema moyoni, huyu yupo. Kafanyaje huyu bwana?

Nikasoma. Kumbe Utamaro hakuchonga. Yeye alichora kwa wino kwenye karatasi nyepesi. Mchongaji akaibandika karatasi hiyo juu ya ubao wa mcheri, upande wa wino ukiangalia chini, akaanza kukata karatasi na mti kwa pamoja. Kazi ikiisha, mchoro wa mwanzo haupo tena. Umeliwa na kisu. Kinachobaki ni mistari iliyosimama juu ya ubao, nayo hupakwa wino na kukandamiziwa karatasi. Kila rangi nayo kwa kawaida hutaka ubao wake. Mwanafunzi alipewa nguo na sehemu nyepesi. Uso na nywele vilikuwa vya fundi mkuu. Tena mchoraji mara nyingi alizionyesha nywele kwa jumla tu, akamwachia fundi azitafute mwenyewe kwa kisu. Kwenye picha utaona jina la Utamaro na alama ya mchapishaji. La mchongaji, mara nyingi halimo.

Msomaji mwenzangu, mimi ni mbishi. Nikaenda kwa fundi seremala wa mtaani kwetu, nikaomba kipande cha mninga. Nikachora kichwa cha msichana kwa penseli, nikashika kisu. Unywele wa kwanza ukakatika. Wa pili ukakatika. Wa tatu ukang'oka kama ganda la muhogo.

"Mzee, mbona hazikai?"

Akaweka randa chini, akautazama ubao.

"Si unaukata unywele wenyewe! Kata kando yake, mwanangu. Unywele ni ule utakaouacha."

Akarudi kwenye kazi yake. Mimi nikabaki nimeduwaa na kisu mkononi.

Usiku nikafungua daftari. Ukurasa wa kwanza: Rehema ana macho ya gololi, shingo ya twiga, mwendo wa madaha, uso kama mwezi wa kumi na nne. Nikakata macho. Nikakata shingo. Mwezi nao nikaukata, ingawa nilikuwa naupenda sana. Nikatafuta cha kubakiza. Kulikuwa na kitu kimoja, nilikuwa nimekitupia chini kabisa bila kukijali: Rehema hufunga hela kwenye pindo la khanga, kisha akifika dukani husahau ni pindo lipi, akayapapasa yote manne huku watu wamepanga foleni nyuma yake.

Nikauandika huo kwenye karatasi mpya. Ya zamani nikaichana. Nakala nyingine sina.

Mama akasikia, akachungulia mlangoni.

"We mtoto, unachana daftari nililokununulia kwa hela ya vitumbua?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimebakiza kurasa 198.