STARA YA MGONJWA NA HAKI YA UHAI



Sisi tusomeshao watoto Kurani hapa Mpanda huulizwa mengi na wazazi wao, na swali moja halikomi: Je, yafaa tabibu mwanamume kumtibu mwanamke wa Kiislamu, na hasa kumzalisha? Swali hili si la barazani tu. Mkoa wetu wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ni mpana. Atokaye Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hupita zaidi ya kilomita 100 mpaka kufika Mpanda. Na katika zahanati ya kijijini huenda mtumishi wa zamu akawa mmoja tu, naye ni mwanamume.

Wanavyuoni wametubainishia njia. Akipatikana tabibu mwanamke, huyo ndiye wa kwanza, hata asipokuwa Mwislamu. Asipopatikana, atatibu mwanamume, pawepo mume, maharimu au mwanamke mwaminifu, wala kisifunuliwe ila kile kinachohitajiwa. Dharura hufungua mlango uliofungwa, lakini kwa kiasi cha kumpitisha mgonjwa tu.

Wala jambo hili si geni. Zama za Mtume (s.a.w.), Bibi Rufayda al-Aslamiyya aliwauguza majeruhi wanaume katika hema lake huko Madina, na Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Khandaki, mwaka wa 5 wa Hijra, alipelekwa humo.

Usiku mmoja tuliitwa zahanati kumwombea dua mzazi wa mwanafunzi wetu, aliyekuwa akitokwa na damu baada ya kujifungua nyumbani. Tulimkuta mumewe amesimama mlangoni, akimzuia mganga kwa kuwa ni mwanamume. Mama mzazi wa yule mume akamwambia, "Mwanangu, ukimzuia mganga, stara utakayompa mkeo ni sanda. Nipishe." Akaingia, akamfunika mkwewe kwa khanga, na mganga akafanya kazi yake. Damu ya uzazi yaweza kuua kwa muda usiotimia saa mbili. Alhamdulillahi, mama yule yu hai.

Lakini haki ina pande mbili. Tumeona pia, katika wodi moja, mgonjwa ameachwa wazi machoni pa wapita njia, hali shuka i karibu. Huko si dharura, bali ni kutojali. Pazia kufungwa, mgonjwa kuombwa idhini, hodi kupigwa: haya hayachelewishi dawa, na kila binadamu, awe wa dini yoyote, huyastahili.

Basi yatupasa kujitayarisha mapema. Mama aende kliniki, aulize kama yupo mkunga mwanamke, achukue khanga za ziada, na ajulikane nani atamsindikiza. Serikali ilihesabu vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi wa mwaka 2015–16, na 104 katika ule wa mwaka 2022. Hata hao waliosalia ni mama za watu.

Mwisho, twawauliza akina baba: hao matabibu wanawake tuwatakao watatoka wapi, ikiwa binti zetu twawatoa shuleni mapema? Asiyepanda hana mavuno. Tuwasomeshe Kurani, na tuwasomeshe uuguzi, ukunga na udaktari.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya na stara. Amin.