Kyaka hadi Murongo: majenerali, mabao na chemsha bongo

Kama wewe ni mtu wa vijiweni utakubaliana nami kwamba kuna starehe moja ambayo haina kiingilio, nayo ni kuulizana maswali. Nani alifunga bao lile? Nani alikuwa kamanda wa vita ile? Anayejua anajipiga kifua, asiyejua ananunua kahawa. Basi wiki hii nakupeleka Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambako maswali ya majenerali na maswali ya michezo yamepangana barabarani kama vituo vya basi. Kama huna majibu usiwe na wasiwasi, mimi nitakunong'oneza.

Tuanzie Kyaka. Kwa haki yake Kyaka si ya Karagwe, iko wilaya ya Missenyi, lakini ukitokea Bukoba kwa Hiace ya Kayanga ni lazima upite hapo. Chini ya daraja Mto Kagera unateremka taratibu, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Juu kilimani lipo gofu la kanisa lililopigwa wakati wa vita ya nduli Idi Amin. Abiria wengi hata hawageuzi shingo, wamezoea.

Mto huu si mgeni wa baruti. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani alikuwa huku na Mwingereza upande wa Uganda, wakaoneana kuanzia 1914. Kisha ikaja Oktoba 1978. Tarehe 30 majeshi ya Amin yakamwagika mpakani, yakachukua eneo lote lililo kaskazini ya mto, yapata kilometa za mraba 1,800. Tarehe 3 Novemba wakalivunja daraja la Kyaka ili wasifuatwe. Siku moja kabla, Mwalimu Nyerere alikuwa amekwishalihutubia taifa kwa maneno yale ambayo hata mtoto wa shule anayajua: uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo.

Haya, swali la kwanza. Nani alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Tanzania wakati wa Vita ya Kagera? Kijiweni, watu tisa kati ya kumi wataruka juu: "Musuguri!" Wamekosa, wanunue kahawa. Mkuu wa Majeshi alikuwa Abdallah Twalipo. David Musuguri alikuja kushika cheo hicho mwaka 1980, vita ikiwa imekwisha. Katika vita yenyewe operesheni ilianza mikononi mwa Tumainiel Kiwelu, na Musuguri akaja kuiongoza Divisheni ya 20 iliyosonga ndani ya Uganda. Huyu Musuguri ndiye aliyepewa jina la utani la Jenerali Mutukula, kwa ajili ya mji ule wa mpakani uliotekwa Januari 1979.

Ukiwa Kyaka, gari linakata kushoto na kuanza kupanda. Lami ni nzuri siku hizi. Migomba kulia, migomba kushoto, na kati yake kahawa. Hewa inabadilika, unajikuta unatafuta sweta. Kayanga ndiyo makao makuu ya Karagwe, lakini mji wa kelele ni Omurushaka, hapo njia panda. Hapo utapata nyama choma, matoke, na kama ni msimu wake, senene waliokaangwa wakakauka vizuri. Wanyambo hawana haraka na mgeni. Utasalimiwa, utaulizwa habari za ulikotoka, ndipo utaulizwa shida yako.

Pale Omurushaka niliona kitu ambacho sikutegemea. Vijana wa bodaboda walikuwa wamemzunguka mwenzao mwenye simu, wanapanga mkeka wao wa kubeti. Katika mkeka ule mlikuwamo mechi ya hoki ya barafu ya huko Kanada! Nikamwuliza yule kijana, "Dogo, hiyo hoki umeshawahi kuiona?" Akanijibu bila aibu, "Kaka, barafu yenyewe naijua ya kwenye soda tu. Lakini Toronto nawajua vizuri, wananiliza kila mwaka." Wenzake wakavunjika mbavu.

Nami sikutaka kushindwa. Nikawapa swali. Kombe la hoki ya barafu linalogombaniwa Marekani na Kanada linaitwa Kombe la Stanley. Je, Stanley huyo ndiye yule Mzungu aliyefika hapa Karagwe kwa mfalme Rumanyika? Wakagawanyika nusu kwa nusu, na nusu moja ikawa tayari kuweka pesa.

Jibu ni hapana, msomaji. Kombe lilitolewa mwaka 1892 na Bwana Stanley wa Preston, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Kanada. Stanley wa Karagwe ni Henry Morton Stanley, mpelelezi na mwandishi wa magazeti, aliyepokelewa na Rumanyika mwaka 1876, miaka 15 baada ya Speke na Grant. Huyu wetu alifika hadi chemchemi za maji moto za Mtagata, na maji hayo yanatoka mpaka leo, nenda ukaoge. Naye pia aliwahi kuwa askari, ila mambo yake ni ya kuchekesha. Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, mwaka 1862 alipigania jeshi la Kusini, akatekwa kwenye mapigano ya Shiloh, kisha akaandikishwa jeshi la Kaskazini. Kwa lugha ya soka, alibadili jezi mechi ikiwa katikati.

Yule kijana wa mkeka akataka alipize. "Haya kaka, Toronto walishinda vipi fainali ya 1942?" Hapo akanipata, ikabidi anifundishe mwenyewe. Timu ya Toronto Maple Leafs ilifungwa na Detroit Red Wings mechi tatu za kwanza mfululizo. Fainali ile mshindi ni anayefikisha mechi nne. Watu wakawa wamekwishaandika tanzia. Toronto wakaamka, wakashinda mechi nne zilizobaki, wakabeba kombe 4-3. Katika miaka zaidi ya 80 iliyofuata, hakuna timu nyingine iliyoweza kufanya hivyo kwenye fainali.

Nikamwambia, dogo, mwaka huo huo wa 1942 kijana mmoja wa Butiama alijiunga na jeshi la mkoloni, KAR, akapelekwa kupigana Madagaska. Miaka 37 baadaye kijana huyo akawa jenerali wa jeshi lililokuwa limechapwa hapo Kyaka mwanzoni, likaamka, likaenda kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Wakatulia kidogo. Mmoja akauliza, "Kwani tulichapwa kwanza?" Nikajua kumbe wanafahamu kupinduliwa kwa matokeo ya Detroit, lakini ya Kyaka, ambayo ni mwendo wa saa moja na ushee kutoka kijiwe chao, hawayafahamu.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe nimezaliwa vita imeshaingia vitabuni. Tunachokijua tumekipata kwa kusikia.

Kutoka Omurushaka unaingia Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ukiitazama kwenye ramani imejikunyata pembeni kabisa mwa nchi, magharibi Rwanda, kaskazini Uganda, na Mto Kagera ndio ua wa nyumba. Unapita Nkwenda, unapita Isingiro. Usichanganyikiwe hapo, maana ukivuka mto utakuta Waganda nao wana Isingiro yao. Watu ni walewale na lugha zinasikilizana. Mnyambo wa huku na Mnyankole wa kule wakikutana sokoni hawahitaji mkalimani, wanahitaji mizani tu.

Na sasa swali la tatu, la michezo na vita kwa pamoja. Kamanda gani alitaka vita iamuliwe kwa ngumi? Hili ni rahisi. Ni Idi Amin mwenyewe. Alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda enzi za KAR, na Novemba 1978, vita imeshapamba moto, alimtaka Nyerere wapande ulingoni, refa awe Muhammad Ali! Mwalimu, mtu mwembamba wa vitabu, hakujisumbua. Makamanda wake ndio waliojibu. Brigedi ya Silas Mayunga, aliyejulikana kama Mti Mkavu, ilikuwa Mbarara Februari 1979. Ng'ambo ya mto hapa Murongo ni Kikagati, na barabara ya kutoka pale ndiyo inayokupeleka huko Mbarara. Kamanda mwingine, John Walden, akaitwa Black Mamba. Unaona majina hayo? Hata bondia angeyaonea wivu.

Kwenye soka nako kuna la kushangaza. Machi 1978, miezi saba kabla ya uvamizi, Uganda ilicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kule Accra, ikafungwa na Ghana 2-0. Mwaka 1979, miezi michache baada ya Kampala kuanguka, Taifa Stars ilikwenda Ndola ikatoka sare ya 1-1 na Zambia, bao la Peter Tino, ikafuzu fainali za Lagos za 1980. Baada ya hapo? Kiza. Uganda walirudi kwenye fainali mwaka 2017. Hesabu mwenyewe, miaka 39. Sisi tulirudi mwaka 2019. Hesabu tena, miaka 39. Na tulifuzu kwa kumfunga nani? Uganda, 3-0, Dar es Salaam, tarehe 24 Machi 2019. Kama hilo siyo swali la kununuliwa kahawa, basi sijui lipi.

Murongo ni mji wa mpakani, una vumbi lake na biashara zake. Niliketi kwa bibi mmoja anayeuza ndizi za kuchoma na kahawa. Nikamwamkia, akaitikia, tukaongea. Kumbe si mzaliwa wa hapa. Kwao ni kaskazini ya mto, upande ule uliochukuliwa mwaka 1978. Nikaona nimepata dhahabu. Nikamwuliza, "Bibi, makamanda wa vita unawakumbuka? Musuguri, Mayunga?"

Akacheka mpaka akaweka koleo chini. "Mjukuu wangu, mtu ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, atamwuliza saa ngapi mwanajeshi jina lake?"

Ndipo akanisimulia. Walitembea usiku, ng'ombe wakaachwa. Walipofika mtoni daraja halipo. Kulikuwa na mtu mwenye mtumbwi, anavusha watu, anarudi, anavusha wengine. Hakudai senti. Mtoto wa bibi alikuwa analia, yule mtu akamwambia mwache alie, mto una kelele kuliko yeye. Mpaka leo anamkumbuka kwa jina na kwa sura. Jina alinitajia, ila sitalichapa hapa kwa kuwa jamaa zake sikuwaomba ruhusa. Baada ya vita bibi alimtafuta amshukuru, hakumpata tena. "Huyo ndiye jenerali wangu," akasema, akachukua koleo lake akageuza ndizi.

Msomaji, nilikaa kimya. Mwenye mtumbwi hayumo kwenye chemsha bongo yoyote niliyowahi kuisikia.

Jenerali Musuguri alifariki tarehe 29 Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104, siku moja tu kabla ya kutimia miaka 46 tangu uvamizi. Nchi nzima ilipata habari, magazeti yakaandika, na ilistahili. Lakini aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1978 sasa amepita 65. Mgambo waliobeba risasi, akina mama waliopika kambini, wavusha mitumbwi, hao wanaondoka mmoja mmoja na hakuna anayewauliza kitu. Wakiisha, tutabaki na majina ya utani ya makamanda na tarehe za miji kutekwa.

Mwaka 2023 Tanzania, Uganda na Kenya zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Fikiria, nchi mbili zilizopigana kwenye mto huu zimekuwa wenyeji wa sherehe moja. Nilipomwambia bibi, akauliza kama na ndizi zitanunuliwa. Nikamwambia nadhani zitanunuliwa.

Kwa hiyo wiki hii sitoi zawadi ya swali la kombe. Natoa kazi ya nyumbani. Kama una babu au bibi Kagera, mpigie simu leo, usingoje Krismasi. Mwamkie vizuri, kisha mwulize swali moja: wakati wa vita, ni nani aliyekusaidia? Andika jina hilo kwenye daftari. Jibu lake hutalikuta kwenye mkeka wala kijiweni.

Na ukipita Omurushaka, yule kijana wa Toronto msalimie. Aliniahidi kumwuliza babu yake. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.