Neno Nililoliacha

Nyanya yangu hazungumzi Kiswahili, anazungumza Lukonzo. Jioni moja nyumbani Kasese alianza kuumwa kichwa sana na kutapika, nikampeleka kwenye kituo cha afya kwa bodaboda. Muuguzi wa zamu alikuwa mtu wa kaskazini mwa Uganda, hakujua Lukonzo. Basi tukatumia Kiswahili, nami nikawa mkalimani. Nilijivuna kidogo, maana nilikuwa mwaka wa pili chuoni nikisomea lugha hiyo hiyo.

Nyanya alisema mengi. Kichwa kilimpasua upande wa kushoto, juu ya jicho, moyo ulimchafuka, tena taa ya jirani ilikuwa imezungukwa na rangi kama za upinde wa mvua. Nilitafsiri kichwa na kutapika. Habari ya taa niliiacha, nikidhani ni maneno ya mzee mwenye homa. Kipimo kilionyesha hana malaria, lakini alipewa dawa za malaria pamoja na za maumivu. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu. Tulisema ni moshi wa kuni.

Siku ya tatu tulimfikia daktari wa macho katika hospitali nyingine. Alimulika tochi: mboni ya kushoto ilikuwa imepanuka na haikunywea kwa mwanga, na sehemu ya mbele ya jicho ilikuwa na ukungu. Akayabonyeza macho polepole juu ya kope, kisha akaniambia nami niguse. La kulia lilibonyea. La kushoto lilikuwa gumu kama kokoto. Presha yake ilikuwa 58. Kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21.

Alinieleza kwamba maji hutengenezwa ndani ya jicho muda wote na hutokea kwenye pembe nyembamba. Kwa wazee wengine, hasa wanawake, lenzi hunenepa na pembe ile huziba ghafla, mara nyingi gizani mboni inapopanuka. Presha hupanda kwa saa chache na kuua neva, huku mgonjwa akilalamikia kichwa na tumbo, na watu wakitafuta malaria. Hiyo ndiyo glaukoma ya ghafla.

"Hakuona rangi kuzunguka taa?" akauliza.

Nikamjibu kwamba aliona.

Nyanya alipewa matone na vidonge vya asetazolamidi, kisha akatobolewa tundu dogo kwa leza katika macho yote mawili, kwa kuwa la kulia nalo lilikuwa hatarini. Hilo linaona vizuri. La kushoto linaona kivuli cha mkono tu. Hajawahi kuniuliza nilimwambia nini muuguzi yule, nami sijamweleza.