Mali Bila Daftari: Shule za Bahareni Wakati wa Vita

Kuna watu wadhanio kwamba kuanzisha shule ndiyo kazi kubwa, na kwamba ikiisha kuanzishwa itakwenda yenyewe kama saa iliyotiwa ufunguo. Sisi tufanyao kazi ya ukarani katika ofisi za elimu twajua ya kuwa sivyo. Kujenga nyumba ya shule ni kazi ya miezi michache, na siku ya kuifungua wakubwa huja, hotuba zikasomwa, na watoto wakaimba. Lakini kuiweka wazi kila siku ya Jumatatu asubuhi, mwaka baada ya mwaka, mwalimu akiwapo, chaki ikiwapo, na wanafunzi wakiwapo, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wala hapana mtu aipigiaye makofi.

Nimeona vema kuwaeleza wasomaji habari za nchi moja ndogo ya Waarabu ambayo ililazimika kuifanya kazi hiyo wakati mgumu kabisa, yaani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Nchi hiyo ni Bahareni, visiwa vilivyomo katika Ghuba baina ya Bara Arabu na Iran. Watu wake walipohesabiwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1941, walikuwa yapata 90,000 tu. Kilichonivuta kwanza kuzisoma habari zake ni jambo dogo: Mwingereza aliyekuwa mshauri wa mtawala wa nchi hiyo, Bwana Charles Belgrave, alikuwa amefanya kazi ya serikali katika Tanganyika kabla ya kwenda huko. Mwaka 1925, akiwa likizoni kwao, aliona tangazo la kazi katika gazeti la The Times, akaandika barua, na mwaka 1926 akafika Bahareni. Alikaa huko mpaka mwaka 1957. Kazi zake zilikuwa nyingi mno kwa mtu mmoja: hesabu za serikali, polisi, mahakama, na pia shule. Mkewe alizishughulikia shule za wasichana.

Shule ya kwanza ya wavulana ya namna ya kisasa ilikuwa imefunguliwa mwaka 1919 katika mji wa Muharraq, ikaitwa Al-Hidaya Al-Khalifia. Ya wasichana ilifuata mwaka 1928, na mwaka huo huo vijana wachache walipelekwa kusoma katika Beirut. Sheikh Abdullah bin Isa, wa jamaa ya mtawala, ndiye aliyekuwa mkuu wa mambo ya elimu. Waalimu wengi walitoka Siria, Lebanon na Misri, kwa kuwa wenyeji waliosoma hawakuwa wametosha.

Ili tufahamu thamani ya shule hizo, yatupasa kwanza kufahamu watu wa Bahareni walivyopata riziki yao. Kabla ya mafuta, nchi ilitegemea lulu. Kila mwaka, majira ya joto, mashua zilitoka kwa muda wa miezi minne, na watu wakazama baharini kwa kibano cha puani, jiwe la kuwashusha na kamba ya kuwapandisha. Wavulana wadogo nao walichukuliwa mashuani kuwa watumishi na wanagenzi. Mzamiaji alipewa posho na nahodha kabla ya safari, na posho hiyo ikaandikwa kuwa deni. Msimu ukiisha, lulu zikauzwa, hesabu ikafanywa, na mara nyingi mzamiaji aliambiwa ya kuwa deni lingalipo. Yeye hakujua kusoma. Alilolijua ni lile aliloambiwa. Watu walikufa na madeni yao, na watoto wao wakatakiwa wayalipe kwa kuzama.

Katika miaka ya 1920 serikali ilitoa amri kwamba kila mzamiaji awe na daftari lake la hesabu. Ilikuwa amri njema. Lakini hebu fikiri, msomaji, daftari lina faida gani mkononi mwa mtu asiyejua kulisoma? Wazee wetu walinena, "Mali bila daftari huisha bila habari." Nami nathubutu kuongeza kwamba daftari bila msomaji nalo ni kama halipo. Kwa hiyo mvulana wa mzamiaji aliyekaa darasani Muharraq akijifunza kujumlisha na kutoa hakuwa akijifunza mchezo. Alikuwa akijifunza kuusoma mnyororo uliomfunga babaye.

Baadaye lulu za Kijapani, zinazokuzwa na binadamu, zilivunja soko la lulu za asili, na wakati uo huo, mwaka 1932, mafuta yakapatikana. Bahareni ilikuwa nchi ya kwanza upande wa Waarabu wa Ghuba kuyapata. Kampuni ilitoa rupia 3 na ana 8 kwa kila tani, na mapato hayo yakagawanywa mafungu matatu: moja la mtawala, moja la matumizi ya serikali, na moja la akiba. Katika fungu hilo la matumizi ndimo yalimopata nguvu mambo ya shule. Mwaka 1936 ikafunguliwa shule ya ufundi.

Isidhaniwe ya kuwa mambo yote yalikuwa shwari. Mwaka 1938 watu wa Bahareni walitoa madai yao mbele ya serikali, na miongoni mwa madai hayo mlikuwamo kutengenezwa kwa idara ya elimu, na kwamba wenyeji wapewe kazi katika kampuni ya mafuta. Wanafunzi nao waligoma. Nionavyo mimi, malalamiko hayo yalikuwa dalili ya afya. Mtu hailalamikii shule asiyoitaka.

Ndipo vita vikaja. Mwezi wa Oktoba mwaka 1940 ndege za Waitalia ziliruka kutoka kisiwa cha Rhodes, zikaangusha mabomu karibu na kiwanda cha kusafishia mafuta cha Bahareni, kisha zikaenda kutua Eritrea. Hasara ilikuwa ndogo. Sisi wa Kenya twaweza kulifahamu jambo hilo, kwa maana mwaka huo huo mji wetu wa Malindi nao uliangushiwa mabomu na Waitalia. Lakini bomu si adui mkubwa wa shule. Bomu huanguka mara moja, na likikosa, watoto hurudi darasani wakiwa na hadithi ya kusimulia. Shule za Bahareni zilikuwa na maadui watatu wengine, wasiokuwa na kishindo.

Adui wa kwanza ni uhaba. Vitabu vya Kiarabu vilitoka mbali, na waalimu kadhalika. Mtu atokaye Beirut alisafiri kwa gari kulivuka jangwa mpaka Baghdad, kisha kwa treni mpaka Basra, kisha kwa meli. Na wakati wa vita meli zilikuwa na kazi nyingine. Karatasi zilikuwa adimu hata gazeti la nchi, lililoanzishwa na Bwana Abdullah al-Zayed mwaka 1939, likakoma mwaka 1944, na uhaba huo ukatajwa kuwa ndiyo sababu. Yeyote aliyewahi kuandika orodha ya vifaa vya shule, akaipeleka kwa mkubwa wake na kujibiwa "Ngojeni," ataelewa.

Adui wa pili ni njaa. Bahareni ilikula mchele ulioletwa kwa meli. Mwaka 1942 Wajapani waliitwaa Burma, nchi iliyokuwa ghala la mchele la upande huo wa dunia, na bei zikapanda. Serikali ililazimika kugawa chakula kwa vipimo. Mwalimu ambaye mshahara wake ulimtosha mwaka 1939 alijiona maskini miaka mitatu baadaye, ingawa hesabu ya rupia zake haikupungua. Mwalimu mwenye njaa hufundisha huku roho yake iko sokoni.

Adui wa tatu, naye ndiye niliyemwogopa zaidi niliposoma habari hizi, ni mshahara. Kampuni ya mafuta ilitaka watu. Jeshi la ndege la Waingereza lililokuwako Muharraq lilitaka watu. Mabaharia wao walioko Jufair walitaka watu. Mvulana aliyejua Kiingereza kidogo na hesabu kidogo aliweza kupata kazi, na nyumbani kwao mchele ulikuwa ghali. Nani atamlaumu baba amwambiaye mwanawe, "Umesoma vya kutosha"? Basi shule ilipofanya kazi yake vizuri, ndipo ilipowapoteza wanafunzi wake upesi. Ni kama mkulima ambaye mahindi yake hutamaniwa yangali mabichi. Yanachomwa yote, na msimu ujao hana mbegu.

Serikali ya Bahareni ilifanya nini? Jambo lililonistaajabisha ni kwamba haikungoja vita viishe. Mwaka 1940, mwaka ule ule wa mabomu, ilifunguliwa shule ya kwanza ya sekondari ya serikali kwa wavulana, katika Manama. Mtu mwenye hofu angesema, "Sasa si wakati wake." Lakini wavulana hawangoji, mvulana wa miaka kumi na minne mwaka 1940 alikuwa na miaka kumi na tisa vita vilipokwisha, na hapana amri ya serikali iwezayo kumrudishia miaka hiyo mitano. Shule ya sekondari ilikuwa ni kumwambia baba, "Ngoja kidogo, mbele liko jambo kubwa kuliko ukarani mdogo." Tena mwaka 1942 mtawala, Sheikh Hamad, alifariki dunia, akafuatwa na mwanawe Sheikh Salman, wala mlango wa shule haukufungwa. Baada ya vita uongozi wa idara ya elimu ulishikwa na mwenyeji, Bwana Ahmed al-Umran. Hayo ndiyo matunda ya kutokula mahindi yote yakiwa mabichi.

Sasa nitasema kwa nini habari hizi zimenigusa. Shemeji yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu hodari wa kazi lakini hakupata kusoma. Siku moja aliletewa karatasi na mtu aliyemkopesha fedha, akaambiwa ni ya kukiri mkopo, akatia kidole gumba. Ilipokuja kusomwa mbele ya wazee, ilionekana kuwa mlikuwamo na sehemu ya shamba lake. Shamba likaenda. Yeye hakuishi muda mrefu baadaye, na mwanawe wa kwanza sasa anakaa kwangu, yuko sekondari, kidato cha pili.

Mwaka huu mambo ya nyumbani yamekuwa mazito, na kijana huyo alinijia jioni moja akaniamkia kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, nimepata kibarua cha kupakia mchanga katika malori. Kwa juma moja nitapata fedha za kumsaidia mama. Naomba ruhusa niache shule, nitarudi hali ikitengenea." Hakusema hivyo kwa uvivu. Alisema kwa huruma, na ndiyo sababu jibu lilikuwa gumu. Mvivu hukemewa, mwenye huruma hukemewaje?

Nilimweleza habari za wazamiaji wa lulu. Nikamwambia, "Mwanangu, hao nao walikuwa na nguvu kuliko wewe, tena walikuwa hodari. Kilichowashinda si bahari. Kilichowashinda ni maandishi yaliyokuwa ufukoni." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kama ile karatasi ya baba." Sikuongeza neno. Tukapatana kwamba atafanya kibarua siku za likizo tu, na mimi nitapunguza matumizi yangu, nimpelekee dada kiasi fulani kila mwisho wa mwezi. Bado ni shida. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba sufuria yetu imejaa. Lakini jina lake lingali katika daftari la mahudhurio.

Kila mwezi orodha za shule hupita mezani pangu. Wengine huona majina na tarakimu tu. Mimi nikiona jina limepigwa mstari, nikasoma pembeni yake neno "ameacha," huwaza ni karatasi gani mtu huyo ataletewa miaka ishirini ijayo, naye atatia kidole gumba bila kujua. Na nikiona mwalimu katika shule ya mbali ameleta hesabu zake kwa wakati, ingawa chaki hazijamfikia na mshahara umechelewa, humhesabu miongoni mwa askari.

Wazazi wenzangu, taabu haitaki ruhusa yetu ili ije. Ukame huja, bei hupanda, na maradhi huingia nyumbani. Wakati huo shauri jepesi ni kumtoa mtoto shuleni kwanza, kwa sababu shule haipigi kelele ikiachwa. Mbuzi asiyelishwa hulia, bali daftari lisilofunguliwa hunyamaza. Tujitahidi kuifanya shule iwe jambo la mwisho kupunguzwa. Na wale wenye madaraka juu ya fedha za umma nao wakumbuke Bahareni ya mwaka 1940: nchi ndogo yenye watu wachache, vita vikiwa mlangoni, ilifungua shule ya sekondari badala ya kuzifunga zile ilizokuwa nazo.