Shafti, Beringi na Upatanisho

Wapo wanaodhani kwamba chuma hukubaliana na chuma kwa nguvu za nyundo. Kijana mmoja wa mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, alikuwa miongoni mwao alipoazimia kujiundia kigari cha magurudumu manne kitakachoendeshwa kwa injini ya pampu ya maji. Fremu aliiunda kwa mabomba ya chuma chakavu bila tatizo. Kilichomkwamisha ni ekseli ya nyuma.

Shafti yake, iliyonunuliwa kwa kilo, ilikuwa ya inchi moja. Beringi zake mbili, zilizogharimu ujira wa majuma matatu ya kupakua magunia ya mahindi, zilikuwa na nambari 6205. Kwa macho, tundu na shafti vilikuwa mapacha. Ila vilikataa katakata kuingiliana.

“Mzee, si niigonge tu iingie?” alimwuliza fundi mkongwe wa kukereza vyuma.

“Ukiigonga, kijana wangu, goroli ndizo zitakazopokea kipigo.”

Fundi alimfunulia siri ya nambari. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu kwa milimita: 6204 ni 20, 6205 ni 25. Zilizo chini ya hapo zina utaratibu wake: 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, na 03 ni 17. Inchi moja nayo ni milimita 25.4. Hivyo shafti ilizidi tundu kwa milimita 0.4.

Kinyume chake pia kina hatari. Shafti ya robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, ikitiwa katika 6204 hubaki mwanya wa karibu milimita moja. Aghalabu mwanya huo huzibwa kwa bati la kopo. Mkokoteni wa mwendo wa pole huweza kustahimili hali hiyo kwa muda. Kigari cha injini hakistahimili. Bati hulika, shafti huzunguka ndani ya beringi, gurudumu huyumba, na anayeumia ni aliyeketi juu. Kuchomelea nako hakufai, kwani joto huharibu ugumu wa chuma cha beringi na kuunguza grisi.

Zilibaki njia mbili: kutafuta beringi za inchi, kama UC205-16, ambapo 16 humaanisha sehemu 16 za 16 za inchi, au kukereza shafti. Njia ya kwanza ingeupoteza ujira wa majuma matatu. Kijana alichagua ya pili. Sehemu mbili za shafti zilipunguzwa hadi milimita 25, na palipoishia ukerezaji pakabaki bega la kuizuia beringi isiteleze kuelekea ndani.

Mwanafunzi wa Kiswahili hatakosa kuona mfano hapo. Maneno shafti na beringi yenyewe hayakugongwa kwa nyundo yaingie katika lugha. Yalikerezwa kwa utohozi, yakapewa irabu mwishoni, kisha yakakubali viambishi vya ngeli. Palipo na upatanisho, mzigo hubebeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Na huko Tuwan ufa wenyewe hupimwa kwa sehemu za milimita.