Sentensi Moja ya Joan

Alan Root alipofariki, Agosti 2017, mhariri alinipigia saa kumi jioni akitaka taazia kabla ya saa moja. Kusema kweli nilifurahi, Mungu anisamehe. Filamu za mtu huyu ndizo zilizonifanya nitamani kamera kabla hata sijajua uandishi wa habari ni kazi. Niliandika bila kuinua kichwa: mtoto aliyezaliwa London 1937 akakulia Kenya, akapiga picha za filamu ya akina Grzimek kuhusu Serengeti, ile iliyotwaa Oscar, kisha akatumia maisha yake kurekodi nyumbu, mibuyu, hondohondo na mchwa. Vituko vyake vyote nikaviweka. Bafe aliyemgharimu kidole. Kiboko aliyemtoboa mguu. Puto lililopita juu ya Kilimanjaro 1974.

Joan, mkewe wa kwanza, nilimpa sentensi moja, nayo ilihusu kuuawa kwake Naivasha mwaka 2006.

Asubuhi Mzee wangu akapiga simu. Alikuwa dereva Tsavo miaka mingi, na magazeti huyasoma kama anayekagua gari kabla ya safari.

“Umeandika vizuri, mwanangu. Lakini kule Mzima, huyo bwana alizama peke yake?”

Hakuzama peke yake. Walikuwa wawili chini ya maji, na jino la kiboko lilipita kwenye miwani ya kuzamia ya Joan kabla mnyama hajaugeukia mguu wa Alan. Ndani ya puto pia walikuwa wawili. Na ile picha maarufu ya swila akitema sumu, sumu inaishia kwenye miwani ya nani? Ya Joan, aliyesimama mbele ya nyoka ili mumewe aipate picha. Nilikuwa nimeitazama mara kadhaa. Nilimwona kila mara, ila sikumhesabu.

“Watu hudhani kazi ile ni kubonyeza kamera,” Mzee akaendelea. Aliwahi kukodishwa msimu mzima na wazungu fulani waliokuja kupiga filamu ya ndovu. Siku nzima gari limezimwa, jua linawachoma, hakuna kukohoa. Filamu zenyewe zilikuwa za mikanda, zikipata joto zinaharibika, na mkanda ulisafirishwa hadi Ulaya kusafishwa ndipo wajue kama wana picha au wana giza. “Kulikuwa na mama mmoja, mke wa mwenye kamera. Huyo ndiye alijua maji yamebaki madebe mangapi, mkanda gani umepigwa nini, ndovu wale walikunywa wapi juzi. Alipougua malaria, kamera ilikaa sandukuni siku nne. Bwana alikuwepo, mzima kabisa. Hakujua aanzie wapi.”

Nilirudi kuitazama ile filamu ya vichuguu, Mysterious Castles of Clay, ya 1978, iliyoteuliwa kuwania Oscar. Unaingizwa ndani ya kichuguu, vyumbani mwa mchwa, hadi unasahau kwamba kuna mtu alilazimika kukitoboa, kuweka taa pale bila kuwaunguza wadudu, kisha kungoja. Safari hii sikuweza kusahau. Kila picha nilijiuliza mwenzake alikuwa ameshika nini.

Mhariri nilimwomba tuongeze aya mbili. Akaniambia hakuna kosa la kusahihisha, hilo ni suala la mkazo tu, na marehemu ni Alan. Kwa sheria za gazeti alikuwa sawa. Sikubishana, na bado nadhani nilipaswa kubishana.

Jioni nikampigia Mzee tena. Nikamwambia nataka kuandika kuhusu yule mama wa ndovu, aliitwa nani? Kimya. Akataja rangi ya Land Rover, akataja mpishi wao, akataja hata mtambo wa umeme uliokuwa ukizimika usiku. Jina, hapana.

Nikasikia sauti ya Mama nyuma yake ikilitaja mara moja, majina yote mawili, na kumsahihisha: haikuwa siku nne, ilikuwa wiki nzima.