Kutoka vilima vya Kasulu hadi chemchemi za chumvi Uvinza

Msafiri anayetaka kuona mabaki ya kale huelekezwa Kilwa, Kaole au Gedi. Ni nadra aelekezwe Buha. Sisi tuliishika njia ya nyanda za juu za Kigoma, tukapita Rungwe Mpya na kuingia Kasulu, mji wa vilima ulio zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri huko ni ya baridi. Ukungu hulala mabondeni, na nyumba za matofali ya kuchoma hujitokeza mojamoja kati ya migomba.

Neno “Mpya” katika jina la Rungwe lilitufikirisha. Mwaka 1972, Operesheni Kigoma iliwakusanya vijijini Waha wengi waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika. Nia ilikuwa kuwasogezea shule, maji na zahanati. Lakini aliyehama hakuweza kuyabeba makaburi ya wazee wake wala majina ya vilima alivyoviacha.

Karibu na Kasulu ndiko Heru Juu, makao ya watawala wa Heru, walioitwa Mwami. Miongoni mwao alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyeshika utawala katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa nchini, na habari za ikulu hizo zikabaki zaidi vinywani mwa wazee.

Kutoka Kasulu tuliteremka kusini hadi Uvinza, kwenye bonde la Malagarasi. Baada ya kuswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, tulielekea upande wa mto Ruchugi, ziliko chemchemi za maji ya chumvi. Hapa hakuna kuta wala minara ya kustaajabisha. Mabaki yake yamo ardhini: vigae vya vyungu, majivu na mashimo ya kuchemshia. Mwaka 1967 wataalamu John Sutton na Andrew Roberts walichimba hapo, na ushahidi ukaonesha kwamba chumvi ilikuwa ikitengenezwa tangu karne ya 5 au ya 6 Miladia, yaani kabla ya Hijra.

Kazi ilifanyika kiangazi, kwa kuwa masika mito hufurika na kuzifunika chemchemi. Watu walikuja kutoka mbali, wakachota maji, wakayachemsha kwa kuni mpaka chumvi ikabaki chunguni. Watawala wa Uvinza walitoza ushuru wao, na mizigo ikaenda Buha, Burundi na ng’ambo ya Ziwa Tanganyika. Misafara ya Waislamu iliyofika Ujiji katika karne ya 19 iliikuta biashara hii ni kongwe tayari.

Watoto wetu hufundishwa kwamba Stanley alikutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871. Ni wachache wanaoelezwa kwamba, mwendo wa siku chache kutoka hapo, watu wa nchi hii walikuwa na kiwanda kilichodumu zaidi ya miaka elfu moja. Vigae hukanyagwa na kusagika, na wazee wanaojua majina ya vilima wanatutoka mmoja mmoja.

Basi, mzazi unayewapeleka watoto kuwasalimia babu na bibi likizo hii, wape daftari. Waulize: wazee wetu walitoka kilima gani, na kiliitwaje? Waandike jibu kabla ya kurudi mjini.